Kikombe cha Kahawa Kilichopoa Ghorofa ya Pili

Kwa Bwana Rakan Shawaqfeh (Abu Hazim),
Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo,
Ghorofa ya Tatu, yaani juu ya kichwa changu,
Jabal al-Jofeh, Amman.

YAH: MASHINE YA KUFULIA INAYOGONGA, NA MADHARA YAKE KWA NDOA

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu, natangaza rasmi kwamba Ijumaa iliyopita, muda mfupi baada ya sala, kikombe kimoja cha kahawa kilipoa katika sebule ya ghorofa ya pili. Hakikumwagika wala hakikuvunjika. Kilipoa kikiwa kimejaa, mbele ya Haji Dhiyab wa Karak, babu yake yule kijana mfamasia Mutasim, aliyekuja na wanaume wa ukoo wake kumposa binti yangu Rudayna.

Wewe umeposa na umeoza, sina haja ya kukufundisha. Mkuu wa posa akiwekewa kahawa haigusi mpaka apewe neno. Akipewa, anainywa, Fatiha inasomwa, kunafa, ile keki tamu ya jibini, inakatwa, na huko ndani wanawake wanapiga vigelegele. Akiinuka bila kuinywa, basi hakuna la kuongeza. Haji Dhiyab aliinuka bila kuinywa.

Kikombe kingali mezani. Mke wangu Inaam amekataza kisiguswe. Anasema ni ushahidi. Kila nikipita anakitazama kikombe, ananitazama mimi, kisha anakirudia kikombe, kama mtu anayelinganisha vitu viwili ajue kipi kina akili zaidi.

Rudayna hajalia. Ningefurahi angelia, ningejua la kufanya. Yeye anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, na nikimsemesha ananijibu kwa adabu. Mtoto huyu tangu apate ulimi hajawahi kunijibu kwa adabu. Nyumba yetu imejengwa kwa utani. Sasa ni "Ndiyo, baba. Asante, baba," utadhani nimekwenda kufungua akaunti benki.

Kwa hiyo, mimi Mufid Zureiqi, mtu mzima mwenye kitambi, shinikizo la damu na jina zuri katika ngazi za jengo hili, nimeketi kukuonyesha kwa hoja, moja baada ya nyingine, kwamba aliyevunja posa ya binti yangu ni mashine yako ya kufulia. Nasema haya kwa mapenzi.

1. Kuhusu kelele yenyewe. Wageni walikaa, kahawa ikamiminwa, kikombe kikawekwa mbele ya Haji Dhiyab. Mzee akasema maneno ya kupendeza kuhusu ukoo wetu, mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Akamaliza: "Tumekuja tukiwa na njaa ya watu, si ya chakula." Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeandaa jibu refu lenye methali na historia, Inaam akalipunguza mpaka likabaki neno moja: tumekubali. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Du, du, du.

Nikafunga mdomo. Kukawa kimya. Nikaufungua tena. Du, du, du, du. Nakuapia, Abu Hazim, kila nilipotaka kusema, jengo lilisema kabla yangu. Wapo watu waliozoea kukatizwa na wake zao. Mimi nilikatizwa na zege.

Haji Dhiyab ni mzito wa masikio, na kama wazito wote wa masikio hunong'ona kwa sauti ya mnada. Akamgeukia mpwa wake: "Nani anagonga?"

"Sijui, Haji."

"Anagonga kila baba wa binti akitaka kutoa neno. Huyo ana lake."

"Labda ni mafundi, Haji."

"Fundi gani anafanya kazi Ijumaa? Huyo ni mtoto wa ami yake. Msichana ana binamu anayemtaka, na haki ya binamu unaijua: hata bibi arusi akiwa juu ya farasi, atamteremsha." Akaiokota fimbo yake, akanigeukia mimi. "Abu Rudayna, sisi hatuingii katika madai ya watu. Malizaneni kwanza na kijana wenu." Wakatoka wote. Mutasim alitoka wa mwisho, akigeuka nyuma kama mtu aliyesahau viatu.

Kwa kumbukumbu zako, Rudayna ana binamu mmoja tu. Yuko Kuwait, ana mke na mapacha, na hata namba za simu asizozijua hapokei.

2. Kuhusu mahali kelele ilipotoka. Ijumaa ndiyo siku yetu ya maji. Matangi ya paani yakianza kujaa, jengo zima linafua. Mpaka jioni huwezi kuomba chumvi kwa jirani kwa sababu hasikii. Utasema: katika mashine zote hizo, umejuaje kuwa ni yangu? Swali zuri. Sauti ni kama maji, hushuka. Mimi niko chini yako. Iliyonifikia basi ilishuka kutoka kwako. Hoja hii nimemsomea shemeji yangu Adnan na hakuipinga, ingawa alikuwa anakula.

3. Kuhusu kuinama kwa jengo. Kama ujuavyo, nafanya kazi ofisi ya upimaji ardhi, idara ya ramani, na pimamaji ninalo nyumbani. Nimepima sakafu yangu. Kitone cha hewa hakikai katikati. Kinakimbilia upande wa jikoni kama mtoto aliyesikia sahani. Nikapima ngazi. Nikapima kibaraza. Nikapima, kwa ruhusa yake, kichwa cha Abu Saji wa ghorofa ya chini, ambaye ana upara tambarare. Kila mahali jibu ni lile lile: jengo letu limeinama. Na upande lilikoinama ndiko kiliko kibaraza chako, kilichojaa mitungi ya zeituni ya mkeo Umm Hazim ya msimu huu, ya msimu uliopita, na nadhani ya enzi za Warumi. Sakafu ikiinama, mashine inasimama kwa miguu mitatu. Mashine ya miguu mitatu hugonga. Zeituni zenu zimevunja posa, Mwenyekiti. Nasikitika kuliandika, maana ni zeituni nzuri.

4. Kuhusu uchunguzi uliofanyiwa mashine yangu. Ili nisionekane mwonevu, nilifungua mlango wa bafu langu kwa yeyote aliyetaka kuikagua. Walikuja wote. Katika mji huu ukitaka msaada wa kubeba jokofu hupati mtu, lakini sema tu "mashine inagonga," utapata madaktari.

Adnan aliweka glasi ubavuni mwa mashine, akaweka sikio kwenye glasi, akafumba macho. "Beringi," akasema.

"Adnan, haijawashwa."

"Ndiyo maana naisikia vizuri."

Umm Saji, mke wa Abu Saji, hakutaka hata kuigusa. Alisimama mlangoni akaitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Hili ni jicho baya la mtu. Mliinunua, mkaipandisha ngazini mchana, watu wanaona, wala hamkuifunika." Akatundika ushanga wa buluu kwenye kidroo cha sabuni. Tangu hapo kidroo hakifungi.

Abu Saji, ambaye aliwahi kuendesha lori na kwa hiyo anajua kila kitu chenye injini, alisema tatizo ni jiwe.

"Jiwe gani?"

"Ndani ya mashine kuna jiwe la zege, la kuituliza isirukeruke."

Nikamcheka. Nikamwambia, Abu Saji, nimezeeka lakini si kiasi hicho. Akafungua bamba la nyuma kwa bisibisi yangu mwenyewe, na kweli, Mwenyekiti, ndani mle kuna bonge la zege. Nimeishi umri huu wote, nikapandisha mashine tatu ngazini kwa mgongo wangu huu, bila kujua kwamba kumbe nabeba nyumba. Likatikiswa. Limekaza.

Mwishowe tukaiwasha tupu. Abu Hazim, laiti ungesikia. Ilizunguka kama paka aliyelala juani. Ikakamua kama inavyopasa, hata du moja haikutoka. Adnan akatikisa kichwa: "Imewaona watu ikaogopa. Mashine ni kama jino, ukifika kwa daktari linapona." Mimi naona jambo ni rahisi zaidi: mashine yangu haina hatia. Siku ya posa ilikuwa kimya, mlango wa bafu ulikuwa umefungwa, na sababu zilizofanya mlango huo usifunguke kwa muda mrefu baadaye ni za kifamilia.

5. Kuhusu maji meupe na paka. Tangu Ijumaa, kwenye shimo la maji machafu pale uani yametuama maji meupe kama maziwa, na paka wa mtaa mzima wamehamia hapo. Wanalamba sakafu. Wananenepa. Mmoja, yule mwenye sikio lililochanika, sasa hawezi kupita kwenye uzio alikokuwa akiingilia. Nimesikia minong'ono kwamba bomba linalomwaga hapo ni la bafu langu. Bomba la ghorofa ya pili na la ghorofa ya tatu, Mwenyekiti, hukutana ukutani, na yakikutana mabomba mawili nani anajua maji ni ya nani? Ninavyohisi, Umm Hazim amebadili sabuni. Namshauri arudie ile ya zamani.

Adnan naye alichungulia ndani ya pipa la mashine yangu, akanusa, akaniuliza, "Abu Rudayna, mbona hii inanuka kondoo?" Nikamwambia tulifua blanketi la sufu. Nalitaja hili kwa ajili ya ukamilifu tu.

6. Kuhusu matusi ya ngazini. Juzi Umm Hazim alikutana na mke wangu ngazini akamwuliza, "Dada, Ijumaa mlikuwa mnapigilia misumari?"

Inaam akamjibu, "Tulikuwa tunaposwa."

"Basi mmeposwa kwa nyundo."

Wakacheka, Mwenyekiti. Wote wawili. Mke wangu, ambaye tangu Ijumaa hajanionyesha jino hata moja, alicheka na mke wa mtuhumiwa mpaka akashika ukuta.

7. Kuhusu chakula. Najua watu wameuliza mansafu, ule wali wa nyama ya kondoo na mchuzi wa mtindi, ilikwenda wapi, maana harufu ya nyama ilifika paani. Haji Dhiyab mwenyewe, kama ilivyo desturi ya watu wa Karak wasiomwamini mtu mwingine, alitanguliza jamidi la nyumbani kwake, madonge ya mtindi wa kondoo yaliyokaushwa juani mpaka yakawa mawe, ili mchuzi wa siku ile usitokane na kitu cha dukani. Jamidi hilo lilishughulikiwa nami binafsi, na halina uhusiano wowote na barua hii.

8. Ninachoomba. Mtu hawezi kumfuata Haji Dhiyab mikono mitupu akamwambia "haikuwa binamu." Atauliza, "Ilikuwa nani?" Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, utie sahihi, kwa wadhifa wako, kwamba aliyegonga ni mashine ya ghorofa ya tatu, kwamba mashine hiyo haina undugu wa damu na ukoo wa Zureiqi kwa baba wala kwa mama, na kwamba haijawahi kumtaka Rudayna.

Pili, uje nami Karak, tukiipakia mashine kwenye pikapu ya Abu Saji, tuiwashe mbele ya Haji Dhiyab aisikie kwa masikio yake, au kwa yale yaliyobaki.

Tatu, na hili nimelifikiria sana. Maadamu mbele ya mashahidi mashine yako imechukuliwa kuwa binamu, basi haiwezi kuukana ubinamu hivi hivi. Na itimize wajibu wa binamu. Isimamishwe katikati ya wanaume, isomewe jina la msichana, na iachie haki yake. Ikikaa kimya itahesabiwa imeridhia. Ikigonga, tutarudi nyumbani tukashauriane. Wewe ukiwa mzazi wake utajibu kwa niaba yake.

Nne, wakati shauri linaendelea, mitungi ya zeituni ihamishiwe kibaraza cha upande wa pili, ili jengo lisimame wima na sote tupate haki sawa.

Naamini utayapokea haya kwa moyo ule ule uliotumia siku ulipotutoza wote rangi ya lango, ukalipaka mwenyewe na kuacha alama ya kiganja chako, ambayo bado tunaipenda. Nisalimie Umm Hazim, licha ya sabuni. Nisalimie Hazim na mkewe, mwambie ile kamera ya mlangoni inatutazama sisi badala ya wezi. Nisalimie mama yako, mwambie dawa yake ya goti imenisaidia bega. Wasalimie wote wa kamati, pia yule mjumbe ambaye hahudhurii.

Jirani yako wa chini, na anayekuheshimu kutoka huko chini,

Mufid Zureiqi (Abu Rudayna)

*Nyongeza.* Usitie sahihi.

Barua nilikuwa nimeiacha mezani pembeni ya kikombe, nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi Rudayna alikuwa ameishika kwa vidole viwili, kama mtu anavyomtoa panya aliyekufa.

"Baba," akasema, "namba tano."

"Ina nini?"

"Paka hawalambi sabuni."

Nikamwambia paka wa siku hizi wamebadilika. Hakucheka. Akaketi, akaikunja barua kama alivyokuwa akikunja nguo, akasema, "Mimi naolewa au siolewi, sawa. Ila sitaki kukosa mume kwa ajili ya mashine ya Abu Hazim, halafu ikawa siyo ya Abu Hazim." Na sauti yake hapo mwisho ilipinda kidogo. Basi nikamweleza, na sasa nakueleza wewe kama ilivyokuwa.

Inaam aliniagiza Jumatano: livunje jamidi, liloweke, likilainika ulisugue mpaka liwe maziwa. Nikasema sawa. Alhamisi akauliza, nikasema limekwisha, kwa maana kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kuazimia. Ijumaa asubuhi nikalichukua donge la kwanza, nikalipiga nyundo. Nyundo ilirudi. Nikalipiga tena, ikarudi karibu na meno yangu. Lile si jamidi, Abu Hazim, lile ni sehemu ya mlima. Na nyama ilikuwa jikoni inachemka, na Inaam anauliza kutoka huko, "Jamidi liko wapi, ewe mwanaume?" nami najibu, "Linakuja."

Nikakumbuka kwamba huko vijijini siku hizi wanawake wanasukasuka maziwa katika mashine kuukuu za kufulia wapate siagi, wala hakuna anayeona ajabu. Nikajiambia, kinachotoa siagi kitashindwa na mtindi? Nikayatia madonge yote ndani ya foronya, nikafunga fundo, nikaweka maji ya moto. Sabuni sikutia, hili naomba liandikwe. Nikafunga mlango wa bafu na kwenda kuvaa koti. Wageni tuliwatarajia alasiri. Nilisahau kwamba watu wa Karak ukiwaambia alasiri, wanatoka msikitini Ijumaa na kuja moja kwa moja.

Fundo likafunguka. Mashine ikafika kwenye kukamua wakati ule ule niliposimama kutoa neno. Ikijaribu kuzunguka, madonge yanapiga. Ikihisi mzigo umeelemea upande mmoja, inatulia. Ikitulia, nami nafungua mdomo. Nikifungua mdomo, inajaribu tena. Ndiyo ujue kwa nini ilipowashwa tupu ilinyamaza kama mtawa. Tena ilitembea. Ilitembea mpaka ikajibana nyuma ya mlango wa bafu, na mlango ule unafunguka kwa ndani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuingia kuizima.

Utaniuliza, si ungekata umeme? Kisanduku cha umeme kiko sebuleni, ukutani, juu ya kochi, juu kabisa ya kichwa cha Haji Dhiyab. Ili nikifikie ningepaswa kuinama juu ya mkuu wa posa na kumpitishia kwapa langu juu ya kilemba, kahawa yake ikiwa haijanywewa. Nilipima aibu mbili nikachagua iliyoonekana ndogo. Kupima ndiyo kazi yangu, kama ujuavyo.

Inaam alijua tangu Ijumaa. Nilipofaulu kuusukuma mlango tukaingia, mke wangu alitia mkono ndani ya mashine, akatoa donge moja, akaligeuzageuza. Halikupasuka hata kidogo. Lilitoka jeupe kuliko lilivyoingia. Akaliweka mfukoni mwa aproni akaenda zake. Kile kikombe alichokiacha mezani kama ushahidi, nilidhani ni ushahidi dhidi yako.

Rudayna alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua simu, akampigia Mutasim mbele yangu, akaiweka sauti juu. "Mwambie babu yako aliyegonga si binamu," akasema. "Ni jamidi lake." Akamsimulia yote, pamoja na kwapa, ambalo ningependa angeliruka.

Upande wa pili nikasikia Mutasim akirudia habari kwa sauti kubwa sikioni mwa mzee. Kisha sauti ya Haji Dhiyab ikajaa nyumba yetu bila msaada wa simu.

"Lilivunjika?"

"Halikuvunjika, Haji," Rudayna akasema.

"Hata moja?"

"Hata moja, Haji."

Tukamsikia akiwageukia waliokuwa naye. "Mmesikia nyie? Mashine imeshindwa. Halafu kuna watu wanasema jamidi letu la mwaka huu ni laini." Akakohoa kwa muda, au alikuwa anacheka, kwa wazee wa rika lake ni vigumu kutenganisha. "Mwambieni Abu Rudayna Ijumaa tunarudi. Kahawa nitaigusa akishalivunja kwa mkono wake, mbele yetu."

Rudayna akafunga simu, akanitazama, akaniambia kwamba kwa mikono yangu hii wajukuu wake ndio watakaoinywa hiyo kahawa. Hapo nikajua mwanangu amerudi.

Kwa hiyo, jirani yangu, nafuta namba zote isipokuwa ya tatu, maana jengo limeinama kweli. Barua nakutumia hivyo hivyo. Rudayna anasema nisipoituma nitaandika nyingine. Ijumaa ni siku ya maji: fueni kwa raha zenu, ila nakuomba uje uketi mkono wangu wa kulia wakati wageni wakiingia, na Umm Hazim alete zeituni. Kabla ya hapo, tunaomba kufulia kwenu angalau mara moja. Yetu haigongi tena, lakini mashati yote yananuka mansafu, na ofisini wameanza kunifuata wakati wa chakula cha mchana.

Leo ni Jumanne tu na jamidi nimekwisha kuliloweka. Nimelitoa majini kulijaribu kwa kidole, bado ni gumu. Kikombe hakipo tena mezani. Inaam amekiosha, kwa mkono.